Kijiwe Kilipohamia Ubelgiji

Ukitoka mjini Kakamega ukielekea Khayega, kabla hujayamaliza maduka ya mabati, kuna kona ambayo wenye haraka huipita na wasio na haraka huketi. Hapo Swaumu, mzaliwa wa Mumias, huchemsha kahawa ya tangawizi juu ya jiko la makaa, na kando yake pana ubao mrefu uliotokana na trela la miwa. Trela hilo lilivunjika ekseli, mwenyewe akalisahau, majirani wakaligawana kimyakimya, na kijiwe kikapata benchi. Wanaokalia benchi hilo wamekwisha kutatua mambo ya serikali, ya makanisa na ya ndoa za watu, ila ya kwao wenyewe bado yanangoja. Ng'ambo ya barabara pana ofisi ya shirika moja la wageni, yenye ukuta mrefu na geti la buluu. Watu wa benchi waliitazama ofisi hiyo kila siku bila kuwa na shughuli nayo, mpaka asubuhi ya kesi ya fahali.

Makhanu ndiye aliyekuwa na kesi. Ni mtu wa miraba minne, mkulima wa miwa, na ni mwenye fahali aitwaye Transfoma, kwa sababu akigonga, mtaa mzima unaingia giza. Jumamosi iliyopita Transfoma alikutana uwanjani na fahali wa Shinyalu aitwaye Kamati. Ngoma za isukuti zikalia, pembe zikashikana, vumbi likatimka, na vumbi lilipopungua fahali wote wawili walikuwa mbioni, kila mmoja upande wake. Sasa, mchezo huu haujui sare. Aliyegeuka kwanza ndiye aliyeshindwa, na fahali aliyeshindwa kwa kukimbia mbele ya umati hana kazi nyingine tena ila kitoweo. Watu wa Shinyalu walikuwa wengi na walikuwa na mapafu, wakasema aliyegeuka ni Transfoma, wakaondoka wakicheza. Makhanu, kwa uchungu wa kuchekwa, akampigia simu Mildred, mnunuzi wa ng'ombe, aje na gari amchukue mnyama. Akamwambia aje leo, saa nne.

Tangu akate simu ile, chakula kilikuwa hakipiti. Alimpenda fahali yule, na kama kuna mtu angemuuliza angesema hivyo bila kuona haya. Hata mkewe Zilpah, ambaye kwa kawaida humwita Transfoma "mke mwenza", asubuhi hiyo alimkatia majani mabichi mara mbili, kisha akaingia jikoni akafunga mlango.

Tumaini lilikuwa moja. Siku ya mchezo walikuwepo Wabelgiji wa televisheni na kidude chao cha kuruka chenye kamera, kikivuma juu ya vichwa vya watu. Griffin, fundi wa simu ambaye kijiwe kizima humwita Waya, alikuwa ameipata video hiyo kwenye tovuti ya televisheni yao. Picha ya mbele ilimwonyesha Transfoma na Kamati pembe kwa pembe. Ila ukibonyeza, haifunguki.

— Soma tena, Makhanu alisema. Soma pole pole.

Waya akaisogeza simu karibu na macho.

— Inasema hivi, mzee wangu: samahani, video hii haiwezi kuonyeshwa mahali ulipo.

— Mahali nilipo?

— Ndiyo.

— Mahali nilipo si ndipo hiyo video ilipigwa! Ng'ombe ni yangu, vumbi ni ya kwetu, hata hiyo nyasi imekanyagwa nimewahi kulisha hapo. Sasa mimi ndiye nakatazwa kuona?

— Wewe ndiye unakatazwa. Mtu wa Ubelgiji anaona sawasawa.

— Mtu wa Ubelgiji anajua Transfoma ni nani?

Osiako akakohoa. Osiako ni ndugu yake Zilpah, kwa hiyo yeye na Makhanu huitana mulamwa, yaani shemeji. Alilinda lango la kiwanda cha sukari tangu ujana mpaka akastaafu, na ndiyo maana anaitwa Geti.

— Mulamwa, unaumia bure, alisema. Hiyo si video, hiyo ni kiwanda. Mimi nimekaa kwa geti, najua. Trekta inakuja na miwa nzuri, tamu, imenona. Mimi naangalianga miwa? Siangalii. Mimi nauliza, hii imetoka zoni gani? Kama ni zoni ya kiwanda ingine, inageuza. Hata kama mwenye hiyo miwa ni mama yangu.

— Uliwahi kumrudisha mama yako? Aliyeuliza ni Swaibu, mwendesha bodaboda.

— Mara moja. Mpaka leo nikienda kwake kula, nyama inaishanga kabla nifike.

— Geti ameongea ukweli, Waya alisema. Serva yao iko huko majuu. Simu yako ikienda kubisha, inabeba namba. Serva inaangalia hiyo namba, inajua umetoka mtandao gani na nchi gani. Ikiona Kenya, imefunga.

— Na hiyo namba nani alinipea?

— Kampuni ya laini. Ukiwasha data tu, unapewa.

— Bila kuniuliza?

— Trekta haiulizwangi, Geti alisema, akanywa kahawa yake kwa raha zote.

Makhanu hakuipenda raha hiyo. Alikiangalia kikombe chake, akakiona bado kimejaa, akakiweka chini kando ya mguu. Kilichomkera zaidi ni kwamba maneno ya Geti yalikuwa na maana. Yeye mwenyewe amewahi kurudishwa na miwa langoni, akalala juu ya mzigo wake barabarani, na alichoulizwa ni zoni tu.

— Lakini kwa nini? aliuliza. Kiwanda kinalinda miwa yake. Hawa wanalinda nini?

— Ni mambo ya haki, Waya alisema. Wamenunua haki ya kuonyesha kwao peke yake. Ya huku labda wanataka kuuzia mtu mwingine.

— Wacha kumdanganya mzee, Swaibu alisema. Sababu si hiyo.

Kila mtu akamgeukia. Swaibu anaitwa Busia, kwa sababu zamani kidogo alimbeba abiria mmoja mpaka Busia, mpakani na Uganda, na tangu siku hiyo anazungumza kama mtu aliyezunguka dunia.

— Hao Wabelgiji wako na ng'ombe zao, Busia alisema. Walikuja kuiba mitindo. Ile kona Transfoma anapiga na shingo, umewahi kuiona mahali pengine? Sasa wanafundishia ng'ombe zao na video. Wakituachia na sisi tuone, si tutafanya mazoezi? Ndiyo maana wamefunga.

— Ng'ombe inafundishwa na video? Geti aliuliza.

— Inawekewa televisheni kwa boma.

— Kwa nini ng'ombe ya Ubelgiji ipigane?

— Wewe umewahi kufika Ubelgiji?

— La.

— Basi nyamaza. Hata mimi sijafika, lakini nimefika karibu.

Swaumu, aliyekuwa akipepea makaa, alicheka mpaka kipepeo kikamponyoka. Makhanu naye alitaka kucheka, ila saa nne ilikuwa njiani, akaguna tu.

— Dawa ni moja, Busia aliendelea. Mzee apande pikipiki yangu sasa hivi, twende mpakani. Tunavuka, tunasimama Uganda, tunafungua. Serva itasema, karibu mgeni.

— Uganda si Ubelgiji, Waya alisema. Itakataa hata huko.

— Ikikataa tunasonga mbele.

— Na mtu akisimama mguu moja huku, moja huko? Geti alitaka kujua.

— Hapo unaona nusu. Unaona Kamati peke yake, Transfoma anabaki Kenya.

— Nyinyi! Makhanu alifoka. Mildred anakuja! Hiyo pikipiki ya Busia ikifika mpakani, ng'ombe yangu itakuwa kwa sahani za watu!

Waya alikuwa wa kwanza kurudiwa na akili, au tuseme na kitu kinachofanana nayo.

— Kuna njia, alisema. Kuna programu inaitwa VPN. Inachukua mzigo yako, inaipeleka kwanza kwa kompyuta iko Ubelgiji, halafu hiyo kompyuta ndiyo inabisha kwa serva. Serva inadhani umetoka hapo jirani.

Geti aliruka akasimama.

— Hiyo naijua! Hiyo ni kuficha miwa! Watu walikuwa wanatoa miwa hapa, wanapeleka mpaka Chekalini, wanaihamisha kwa trekta ya mtu wa hiyo zoni. Ikifika kwa geti, imekuwa miwa ya mwenyewe. Ujanja mbaya sana!

— Na mlikuwa mnawashika aje? Makhanu aliuliza.

— Rahisi. Trekta moja ikileta miwa kama ya kijiji mzima, hiyo si miwa ya mtu. Unaifungia nje yenyewe, na dereva, na mzigo yote.

— Wewe omba wasikuwe na mtu kama wewe, Waya alisema, akaipakua programu.

Walikusanyika juu ya ile simu, vichwa vinne kwenye kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Waya akachagua Ubelgiji. Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Makhanu alifumba macho, akaomba kimoyomoyo, na katika maombi yake akamtaja Transfoma kwa jina, jambo ambalo hajawahi kuwafanyia ndugu zake kadhaa. Alipofumbua macho kiduara kilikuwa kimetoweka, na mahali pake pamekuja maandishi mengine.

— Inasema nini?

— Inasema wamegundua tunajificha, Waya alijibu kwa sauti ya chini. Hiyo kompyuta tumepitia, wameona inaleta watu wengi sana. Tuzime hiyo ujanja, tujaribu tena.

Geti alipiga makofi. Alipiga mawili, kisha akauona uso wa shemeji yake, la tatu likaishia hewani.

— Mulamwa, uko upande gani?

— Niko upande yako, kabisa. Lakini kazi mzuri ikifanywa lazima mtu aseme. Hiyo geti iko na mwanaume.

Makhanu alihisi hasira ikimpanda, na nyuma ya hasira majonzi. Akawageukia wote watatu.

— Sasa nisikizeni. Hii video wacha ikae. Nyinyi wote mlikuwa uwanjani, mlisimama na mimi upande moja. Semeni mlichoona na macho. Nani aligeuka kwanza?

— Kamati! wakasema kwa pamoja.

— Aligeukia wapi?

— Kushoto, Geti alisema.

— Kulia, Waya alisema.

— Alirudi nyuma kama gari, Busia alisema. Mimi nilikuwa karibu, hata alinipumulia hapa kwa shingo.

— Na mimi nilikuwa wapi?

— Si ulikuwa umesimama hapo hapo, mulamwa. Kama nguzo.

Makhanu alitikisa kichwa kukubali. Ndivyo alivyokumbuka hata yeye, kwamba alisimama. Labda alisogea kidogo, kama mtu anavyosogea kupisha kitu, lakini alisimama. Kitu ambacho hakukikumbuka vizuri ni fahali, na hilo lilimsumbua. Lilikuwa vumbi jingi, akajiambia.

Swaumu alizunguka na birika akijaza vikombe. Alipofika kwa Waya akasita.

— Hiyo Ubelgiji yenu ndiyo nchi ya baridi sana?

— Ndiyo, mama Ayesha. Barafu tupu.

— Basi waambie waniache. Kila siku nikipeleka kahawa hapo kwa hao wageni, simu yangu inaingia wazimu. Waliniunganisha na waifai yao ndio wawe wananiandikia wanataka vikombe vingapi. Sasa nikifika tu, matangazo inakuwa ya viatu vya barafu. Blanketi ya umeme. Koleo ya kuondoa theluji kwa mlango. Kwa lugha sijui hata ni gani! Mimi na jua hii, wallahi, nitavaa viatu vya barafu nikienda wapi? Matungu?

Busia alicheka. Geti alicheka. Waya hakucheka. Alikaa kinywa wazi huku kahawa ikimmwagikia gotini, na hakuisikia.

— Mama Ayesha, hao wageni ni wa nchi gani?

— Sijui. Ni Wazungu tu. Lakini bosi wao akiondokanga anasema anaenda Brusseli.

Waya akasimama.

— Brusseli ni Ubelgiji! Mtandao yao inapita kwa ofisi yao kubwa huko kabla itoke nje. Mtu akiwa kwa waifai yao, serva inamwona yuko Ubelgiji. Si kujificha, si trekta ya wizi. Ni njia yao halali!

Geti alifikiri, kisha akakubali kwa heshima zote.

— Hiyo ni zoni yao. Geti lazima ifunguke.

— Kwa hivyo Ubelgiji iko wapi? Makhanu aliuliza.

Waya akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

— Pale. Kwa ukuta, karibu na mita ya maji. Waifai yao inafika mpaka hapo.

Watu wengine wangeichukua simu ya Swaumu, mmoja akavuka nayo, akatazama, akarudi na majibu. Watu wa kona hii hawafanyi hivyo. Jambo la benchi huamuliwa benchini, na neno lililosemwa mtu akiwa wima halihesabiwi, linaweza kukanwa kesho. Hiyo ni kanuni yao ya tangu trela lilipogawanywa. Basi Geti na Makhanu walishika ncha mbili za ubao, Waya na Busia wakabeba mawe ya kuuegemezea, Swaumu akachukua birika, vikombe na simu yake, wakaingia barabarani. Lori la miwa likafunga breki. Dereva alitaka kutukana, akaona ubao na birika mikononi mwao, akabaki kutazama.

Askari wa lile geti la buluu, Kipchirchir, kijana mrefu kutoka upande wa Nandi, alitoka nje mbio.

— Hey! Hey! Mnaenda wapi na mbao?

— Ubelgiji, Busia alimjibu.

— Hapa hakuna kukaa!

— Kipchirchir, ni mimi, Swaumu alisema. Wasamehe tu. Wako na kesi ya ng'ombe.

Uso wa askari ukabadilika pale pale.

— Ng'ombe? Ng'ombe gani?

— Fahali.

— Ya nani? Iko wapi? Inaumwa? Kipchirchir alilifunga geti nyuma yake, akangoja ubao uwekwe juu ya mawe kando ya ukuta, akakaa mwishoni. Sogeeni kidogo.

Makhanu alipoketi aliivua kofia yake ya njano akaiweka magotini. Hakujua kwa nini, ila alikuwa ugenini. Geti alivuta pumzi mara mbili.

— Hewa ni ile ile, alisema kwa masikitiko.

Swaumu akampa Waya simu. Mara tangazo la kwanza likatokea, la soksi nene, na benchi lote likalishangilia. Kisha Waya akaitafuta tovuti, akaipata ile picha ya pembe kwa pembe, akamtazama Makhanu.

— Mzee wangu, uko tayari?

— Bonyeza kabla nife.

Ikafunguka. Hakuna aliyeuliza zoni. Sauti ya mwanamume ikawa inaeleza kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, ila katikati ya maneno yake walisikia "Kakamega", wakapigana viwiko. Kamera ilikuwa juu angani. Uwanja ulionekana wote, na umati, na ngoma, na pale katikati fahali wawili wameshikana.

— Ona shingo hiyo! Kipchirchir alisema. Hiyo ni ng'ombe!

Ilikuwa kweli. Transfoma alikuwa anasukuma. Kamati alirudi hatua, akarudi tena, kwato zikichimba. Makhanu alihisi kifua kikimpanuka. Kumbe alikuwa anashinda! Kisha fahali wote wawili wakazunguka bila kuachana, wakauelekea upande mmoja wa umati. Upande huo ndio waliosimama watu wa benchi.

— Hapo sasa, Geti alisema. Hapo ndipo tulisimama imara.

Kwenye kioo, mtu mmoja alitoka katika ule umati. Alitoka kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa mtu wa miraba minne mwenye kofia ya njano, na alikuwa anakimbia kwa moyo wake wote, magoti juu, mikono ikipasua hewa, akakata uwanja kuelekea barabarani.

Macho ya benchi yalitoka kwenye simu taratibu, yakatua kwenye kofia iliyokuwa magotini mwa Makhanu.

— Rudisha nyuma, Makhanu alisema.

Waya akarudisha. Yule mtu akatoka tena, kwa kasi ile ile. Baada yake umati wote ukavunjika. Busia alionekana akiruka ua na kiatu kimoja.

— Mimi sionekani, Geti alisema kwa matumaini.

— Ulikuwa umeshaondoka kwa picha, Waya alimjibu.

— Wacheni mambo ya watu, Kipchirchir alisema. Angalieni ng'ombe.

Wakatazama ng'ombe. Katikati ya uwanja Transfoma alikuwa bado ameshika, bado anasukuma. Kisha akainua kichwa. Alitazama ile kofia ya njano inavyokwenda zake, akachomoa pembe zake kwa utulivu, akamwacha Kamati kama alivyo, akaondoka akiifuata. Hakukimbia kwa woga. Mkia ulikuwa chini, masikio mbele, akienda mchakamchaka kama anavyofanya kila jioni wakitoka mtoni, Makhanu akitangulia na yeye nyuma bila kamba. Mama yake alikufa yeye akiwa ndama wa siku chache, Makhanu akamlea, na hakujua kumfuata mwingine. Naye Kamati, aliposukuma akakuta hakuna kitu cha kusukuma, akajikwaa, akashtuka, akatoroka upande wa pili.

Makhanu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Wakati huo huo machozi yalimjia, naye hakuyafuta, maana hakutaka mtu aone kwamba yapo. Alimpigia simu mnunuzi amchukue mnyama huyu kwa kosa la kukimbia. Mnyama huyu, ambaye alikuwa anashinda, na aliacha ushindi uwanjani kwa sababu mtu wake ameondoka!

— Alidhani mnaenda nyumbani, Swaumu alisema polepole.

Hapo pikapu ikasimama ng'ambo, pale konani. Mildred akateremka na kamba begani, akatafuta benchi, akaona jiko la makaa peke yake. Akageuka huku na huku mpaka akawaona wako ukutani, wamebanana kama watu wa msibani. Akavuka.

— Nyinyi mlihamishwa na nani?

Wakamweleza wote kwa mara moja: serva, zoni, namba, soksi, Brusseli. Mildred ni mama mwenye shughuli nyingi, hakuelewa hata nusu yake. Alinyoosha mkono.

— Nipeni hiyo simu nione.

Akaitazama video yote akiwa wima, bila kucheka na bila kusema neno, kama anavyotazama meno ya ng'ombe sokoni. Ilipokwisha akairudisha kwa Swaumu. Akaitazama ile kofia ya njano, akamtazama mwenyewe, akaishusha kamba begani.

— Haya, alisema. Mimi niliambiwa nije nichukue mwenye alikimbia. Gari iko pale. Sasa nipakie nani?

Waya aliangalia viatu vyake. Busia akageuka kulitazama geti la buluu kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Makhanu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kidogo, kisha akacheka mpaka akashika ubao, na machozi yale ya kwanza yakapata pa kupitia bila kuaibika.

— Mildred, mama, nisamehe, alisema. Rudi tu. Mafuta ya gari nitalipa.

— Na watu wa Shinyalu? Busia aliuliza. Si wataendelea kucheka?

— Wacheke. Lakini kuanzia leo wanicheke mimi. Yeye wamwache.

Akavaa kofia yake, akawaacha wakibishana kama benchi lirudi Kenya sasa hivi au wamalize kwanza kahawa. Alishika njia ya nyumbani akiwa na haraka, kwa maana Zilpah alikuwa bado amejifungia jikoni na hajui kwamba Transfoma anabaki.